"Had left" si "was left": namna ya kueleza kwa Kiingereza jambo lililotangulia

Chukua sentensi moja ambayo watu wengi waliovuka Ziwa Tanganyika wamewahi kuisema kwa namna moja au nyingine: "Tulipofika Rumonge, watoto walikuwa wameshaondoka bandarini." Kwa Kiswahili haina utata. Watoto waliondoka kwanza, ninyi mkafika baadaye. Sasa jaribu kuisema kwa Kiingereza. Wengi husema hivi:

"When we arrived in Rumonge, the children were left at the port."

Anayekusikiliza ameelewa jambo jingine kabisa: watoto waliachwa bandarini. Ataanza kujiuliza ni nani aliyewaacha, na kwa nini. Kama ni afisa anayeshughulikia ulinzi wa watoto, atakuuliza maswali ambayo hukuyatarajia, na wewe hutaelewa yametoka wapi. Sentensi uliyoitaka ni hii:

"When we arrived in Rumonge, the children had already left the port."

Makala hii inaeleza hiyo "had": inakaa wapi, inabadilisha nini, na kwa nini sisi wa pande hizi tunaikosea kwa namna ile ile. Tunawaandikia Wakongo waliopo Burundi, iwe mjini Rumonge au katika kambi za Kavumu, Bwagiriza, Nyankanda, Musasa na Kinama, ambao huenda siku moja wakahojiwa au wakajaza fomu za Kiingereza. Tunawaandikia pia Warundi waliorudi kutoka Tanzania, na wanafunzi wa Rumonge, Minago na Nyanza-Lac. Tangu mwaka 2014 Kiingereza ni lugha rasmi ya Burundi pamoja na Kirundi na Kifaransa, na shuleni kinafundishwa tangu madarasa ya chini.

Lugha tatu zinazotuvuta upande mmoja

Kosa hili halitokani na uvivu wa kusoma. Linatokana na lugha tunazozijua vizuri.

Kiswahili husema "alikuwa ameondoka". Neno la kwanza ni "alikuwa", na kila mwanafunzi amefundishwa kwamba "alikuwa" ni "was". Kirundi kinasema "yari amaze kugenda", na "yari" nayo ni "alikuwa". Kifaransa kinasema "il était parti", na "était" ni "was" vilevile. Mtu mwenye lugha hizo tatu kichwani akienda kwenye Kiingereza, zote tatu zinamwambia aanze na "was". Anaandika "he was left". Kiingereza peke yake ndicho kilichokwenda upande mwingine kikachukua "had", yaani neno lile lile la "alikuwa na", kama katika "I had a boat", nilikuwa na boti.

Waliosoma kwa Kifaransa wana jambo moja zaidi la kuangalia. Vitenzi vingi vya Kifaransa haviwasumbui hapa. "Il avait mangé" inakwenda moja kwa moja kwenye "he had eaten", kwa sababu "avait" na "had" ni ndugu. Shida ipo kwenye vile vitenzi vichache vinavyotumia "était": kwenda, kuja, kuondoka, kufika, kuingia, kutoka, kurudi, kubaki, kuanguka, kuzaliwa, kufa. Itazame tena orodha hiyo. Karibu yote ni maneno ya safari ya mkimbizi. Ndiyo maana mtu anaweza kueleza vizuri kabisa habari za chakula na za kazi yake, kisha sentensi zikaharibika mara tu anapoanza kueleza nani aliondoka lini na nani alikufa wapi.

Kwa hiyo shika hivi. Ukisikia kichwani mwako "-likuwa" ikifuatwa na "-me-" au "-mesha-", na neno linalofuata ni tendo, weka "had" pale penye "-likuwa". Kisha weka umbo la tatu la kitenzi.

"Alikuwa ameondoka" ni "he had left". "Walikuwa wamevuka" ni "they had crossed". "Tulikuwa tumepoteza" ni "we had lost". "Mama alikuwa amefariki" ni "my mother had died". "Had" haibadiliki kwa mtu yeyote: I had, you had, she had, we had, they had. Hilo ni jepesi kuliko Kiswahili. Kazi iliyobaki ni kulijua umbo la tatu, na hapo hakuna njia ya mkato, ni kukariri: go inakuwa gone, come inabaki come, flee ni fled, take ni taken, hide ni hidden, see ni seen, burn ni burned au burnt.

Kukanusha nako kunafuata njia hiyo hiyo. "Dada yangu alikuwa hajafika" ni "my sister had not arrived yet". Usiandike "was not arrived". Ile "-ja-" ya Kiswahili ndiyo "yet", na "-mesha-" ndiyo "already".

Kuna "was gone" pia, na mtu anaweza kukuambia ameisikia kwenye filamu. Ni kweli ipo, na si kosa. "When I came home, he was gone" maana yake nilimkuta hayupo. Inasema juu ya pengo ulilolikuta, haikazii tendo la kuondoka. Lakini usidhani kwamba ikiwezekana kwa "gone" itawezekana kwa vitenzi vingine. "He was left" ni aliachwa, na "he was died" hakuna.

Uliwaona au hukuwaona?

Sasa tuje kwenye maana, maana hapa ndipo penye uzito. Soma sentensi hizi mbili:

"When the armed men entered the village, we ran to the lake."

"When the armed men entered the village, we had run to the lake."

Ya kwanza inasema wenye silaha waliingia kijijini, ndipo mkakimbilia ziwani. Mlikuwepo. Huenda mliwaona, huenda mlisikia lugha waliyozungumza. Ya pili inasema walipoingia, ninyi mlikuwa mmeshakimbia. Hamkuwepo.

Mtu anayekuhoji ataendelea kulingana na ile aliyoisikia. Kama umesema "we ran", anayo haki ya kuuliza: walikuwa wangapi? Walivaa nini? Ukijibu "sikuwaona", anaandika kwamba maelezo yako hayakubaliani. Hukusema uongo. Umekosa "had" moja tu. Na kinyume chake kinawezekana: ulikuwepo, uliona kila kitu, lakini kwa kuwa mtu amekuambia "had" inaonyesha Kiingereza kizuri, umeiweka, na sasa unaeleza mambo ya mahali ambapo kwa maneno yako mwenyewe hukuwepo.

Familia nyingi za Rumonge na Nyanza-Lac zinaijua tofauti hii kwa njia nyingine. Waliokimbia mwaka 1972 wakaishi Ulyankulu, Katumba au Mishamo, waliporudi walikuta watu kwenye mashamba yao. "When we came back, other people had built on our land" maana yake tulikuta wameshajenga. "When we came back, other people built on our land" maana yake walijenga baada ya sisi kurudi, mbele ya macho yetu. Mashauri ya ardhi Burundi huendeshwa kwa Kirundi na Kifaransa, kwa hiyo sentensi hiyo ya Kiingereza utaihitaji labda ukizungumza na mgeni wa shirika fulani. Lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye shauri la shamba anajua kwamba swali la nani alitangulia ndilo shauri lenyewe.

Ukisimulia kwa mpangilio, huihitaji

Walimu wengine hawalisemi hili. "Had" haitumiki kwa sababu jambo ni la zamani sana. "I had left Congo in 1996" ikisimama peke yake inamfanya msikilizaji asubiri: kabla ya nini? Kama hakuna "kabla ya nini", sema tu "I left Congo in 1996". Hata mambo ya 1972 yanasemwa kwa "left" ya kawaida.

"Had" inahitajika pale unaporuka nyuma. Umeshafika kwenye hadithi Rumonge, halafu unakumbuka jambo lililotokea Baraka kabla ya safari. Hapo "had" ndiyo inayomwambia msikilizaji: ngoja, narudi nyuma kidogo.

Kama hurudi nyuma, una njia rahisi zaidi, na Kiswahili kinaijua vizuri: ile "-ka-". "Wakaja, tukakimbia, tukapanda mtumbwi, tukashuka Rumonge." Kwa Kiingereza: "They came. We ran. We got into a boat. We landed in Rumonge." Kila kitenzi kiko kwenye wakati uliopita wa kawaida, na mpangilio wa sentensi wenyewe unaonyesha kipi kilitangulia. Ukiongeza "then" na "after that" inatosha. Mtu mwenye Kiingereza kidogo anayesimulia kwa mpangilio ataeleweka kuliko mwenye Kiingereza kingi anayeruka huku na huku.

Na "before" na "after" zinasaidia. "We left before the soldiers came" iko wazi bila "had" yoyote. Ni "when" ndiyo yenye hatari, kwa sababu "when" haisemi kipi kilitangulia. Inaliachia kitenzi kazi hiyo.

Neno "been", ambalo halipaswi kusahauliwa

Kosa la "was left" linaweza kukuletea maswali. Hili la sasa linaweza kukugeuza mkosaji.

"Kaka yangu alikuwa ameuawa" ni "my brother had been killed". Ukiliacha neno "been" ukasema "my brother had killed", umesema kaka yako alikuwa ameua. Angalia na haya: "they had arrested" ni walikuwa wamemkamata mtu, "they had been arrested" ni walikuwa wamekamatwa. "We had attacked" ni tulikuwa tumeshambulia, "we had been attacked" ni tulikuwa tumeshambuliwa.

Kwa Kiswahili tofauti imo ndani ya kitenzi: ameua na ameuawa, amekamata na amekamatwa. Ile "-w-" ndogo ndiyo inayobeba kila kitu. Kwa Kiingereza kazi ya "-w-" inafanywa na "been". Kwa hiyo kila unapotaka kusema jambo walilotendewa watu wako, jikague: nimeisikia "been"? "Our house had been burned." "The boats had been stolen." "My father had been beaten."

Unaposikia maelezo yako yakisomwa, hapa ndipo pa kutega masikio kuliko popote.

Tarehe: "ago", "before" na "by the time"

"Tulipofika Rumonge, baba alikuwa amefariki wiki mbili zilizopita." Watu husema hivi, na kwa Kiswahili cha mazungumzo hakuna anayekosa kuelewa. Ila kwa Kiingereza "two weeks ago" huhesabiwa kuanzia leo, siku unayozungumza. Ukisema "my father died two weeks ago" mwezi wa tisa, basi amefariki mwezi wa nane au wa tisa, hata kama mlivuka ziwa miaka mingi iliyopita. Unachotaka ni "two weeks before" au "two weeks earlier": "When we reached Rumonge, my father had died two weeks earlier." Hapo hesabu inaanzia siku ya kufika.

Jingine ni "by the time". Hili ni fungu la maneno linalopenda sana kukaa na "had", na ukilizoea litakusaidia, kwa sababu lenyewe linaonyesha kwamba kuna jambo lilikuwa limekwisha. Kiswahili chake ni "hadi kufikia wakati ambapo". Mwezi Mei 2015, meli ya Liemba ilipotumika kuwachukua Warundi kutoka kijiji cha Kagunga, ng'ambo kidogo ya mpaka kutoka Nyanza-Lac, na kuwapeleka Kigoma, tunaweza kusema: "By the time the Liemba came to Kagunga, thousands of people had already crossed the border." Meli ilipokuja, maelfu walikuwa wameshavuka.

Ikiwa ni tarehe, tumia "by" peke yake. Mwishoni mwa Januari 2018 watu wengi kutoka upande wa Fizi walivuka ziwa kwa mitumbwi wakashuka Rumonge na Nyanza-Lac. Mmoja wao anaweza kusema: "By January 2018, we had moved three times." Hadi Januari 2018 tulikuwa tumehama mara tatu. Hapa wengi huweka "until" kwa sababu kamusi inasema "hadi" ni "until". Lakini "until January 2018" inaeleza jambo lililoendelea mpaka hapo likakoma: "We lived in Fizi until January 2018." Hiyo ni sahihi.

Mahali pa kujizoeza

Huhitaji darasa ili kuizoea "had". Nenda mwaloni asubuhi. Wavuvi wa ndagala wanavua usiku kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu hupumzika, kwa hiyo wakati wa giza kila asubuhi kuna mtu aliyechelewa, na aliyechelewa ndiye mwenye "had".

Ulipofika, akina mama walikuwa wameshanunua samaki wote: "When I got to the beach, the women had already bought all the fish." Boti ilikuwa haijarudi: "The boat had not come back yet." Samaki walikuwa wameshaanikwa, na hapa "-w-" imeingia: "The fish had already been put out to dry." Hadi jua linachomoza, wavuvi walikuwa wamekwenda kulala: "By the time the sun rose, the fishermen had gone to sleep."

Fanya hivyo na mawese, na mvua, na maji ya ziwa yaliyopanda yakaingia kwenye nyumba za ufukweni miaka hii ya karibuni. "By the time the water reached the house, we had carried the beds outside." Sentensi tano kwa siku, za mambo uliyoyaona mwenyewe, zitakufaa kuliko kurasa kumi za mazoezi ya watu wanaowahi treni huko London.

Masikioni "had" karibu haisikiki

Anayezungumza Kiingereza kwa haraka hasemi "they had left". Anasema "they'd left", na ile "d" inapita kama upepo. Ubaya ni kwamba "would" nayo hufupishwa kuwa "d" hiyo hiyo. Sikiliza kitenzi kinachofuata. Kikiwa umbo la tatu, ni "had": "they'd left", walikuwa wameondoka. Kikiwa umbo la kwanza, ni "would": "they'd leave", wangeondoka au walikuwa na kawaida ya kuondoka. Kwa "come" huwezi kujua, kwa sababu umbo la kwanza na la tatu ni moja. Hapo uliza. Wewe ukizungumza, usifupishe. Sema "had" nzima, taratibu.

Utaikuta "had" pia baada ya "if", na huko ina kazi nyingine: ni ile "-ngali-" yetu. "If the boat had not come, we would have stayed" ni kama boti isingalikuja, tungalibaki. Boti ilikuja. Usiichanganye na ya juu. Mwenye kuhoji akisema "if you had stayed, what would have happened?" hakuambii kwamba ulibaki. Anauliza ungalibaki ingalikuwaje.

Siku ya mahojiano

Hulazimiki kueleza maisha yako kwa Kiingereza. Omba mkalimani wa lugha unayoijua vizuri zaidi, Kiswahili, Kibembe, Kifuliru, Kirundi au nyingine, na kama humwelewi, au yeye hakuelewi, sema mapema kabla mahojiano hayajafika mbali. Huduma za UNHCR hazilipiwi, na mkalimani pia. Anayekuomba pesa ili "akupangie" maelezo, usimpe.

Ukiwa na mkalimani, msaidie. Kiswahili chetu cha mtaani hupenda kukata: tunasema "tulifika, baba kaondoka", na anayetafsiri analazimika kubuni kipi kilitangulia. Sema kwa ukamilifu: "tulipofika, baba alikuwa ameshaondoka, siku mbili kabla." Sentensi kama hiyo ni vigumu kuitafsiri vibaya.

Omba usomewe yaliyoandikwa kabla ya kutia sahihi. Yakisomwa, sikiliza mambo matatu: kila palipo na "when", je, mpangilio ni ule ulioutaja? Kila walipotajwa waliouawa, waliokamatwa au waliopigwa, "been" ipo? Kila ilipotajwa "ago", hesabu inatoka leo au inatoka siku ile? Ukikuta kosa, sema: "Please correct this. It happened before we arrived." Hiyo haina "had" hata moja, na itaeleweka.